Funguo tano, wenye funguo watatu: tuivunje hazina yetu au tuiendeleze?

Mwana wa Ziwa, Kisumu, anauliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimesoma humu kwa muda mrefu bila kuandika, lakini tangu tulipomzika mwenzetu huko Bondo nina jambo ambalo siwezi tena kulizungukazunguka peke yangu, na ninaomba ushauri wa wale waliokaa katika jamii za sarafu za kidijitali muda wa kutosha kuona watu wakija na kuondoka.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 tulikuwa watano. Tulikutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha saiba, duka la intaneti, niliyokuwa nikiendesha hapa Kondele: fundi wa simu, mwalimu wa hisabati, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Maseno, mmoja wao dada, pamoja nami. Benki Kuu ilikuwa imekwisha kuwaonya Wakenya mnamo Desemba 2015 kwamba bitcoin si fedha halali nchini na kwamba atakayepata hasara asitarajie wa kumlinda, kwa hivyo kueleza nyumbani tulikokuwa tukishinda kulikuwa kazi nyingine. Baba yangu aliamini ni kamari, na hadi leo sidhani amebadilisha mawazo. Sisi tulijiona wajenzi. Tulisoma waraka wa kurasa tisa ambao Satoshi Nakamoto, mbunifu wa bitcoin, aliutoa Oktoba 2008, tukaubishania aya kwa aya, na stima ilipopotea tukaendelea kwa mwanga wa simu.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa tafsiri, kwa sababu tulitaka kuwafundisha watu kwa Kiswahili. Jumamosi mbili nzima tulizozana iwapo wallet, yaani programu inayotunza funguo za sarafu, tuiite pochi au mkoba, na hatimaye pochi ikashinda kwa kura tatu dhidi ya mbili. Neno lililotushinda ni kuchimba. Tulipokwenda kutoa mafunzo upande wa Kakamega, mzee mmoja kutoka Ikolomani, ambako watu huchimba dhahabu kwa sururu na karai, alisikiliza kwa saa nzima jinsi wachimbaji wa bitcoin wanavyoshindania malipo kila baada ya dakika kumi hivi, kisha akauliza shimo liko wapi na lina kina cha futi ngapi. Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Tangu siku hiyo tulianza kila somo kwa kueleza kwamba mashimo hakuna.

Kazi ya pili ilitufunza zaidi. Pale Dunga palikuwa na kikundi cha wanawake wachuuzi wa samaki waliokuwa wakichanga shilingi hamsini kila siku ya mauzo, nasi tukawaandikia programu ya kurekodi michango yao juu ya Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu za kidijitali, ili pasiwe na mtu wa kufuta mstari wala kuongeza. Ilifanya kazi vizuri kwenye majaribio. Tulipoiwasha kwa kweli ilikuwa Desemba 2017, wakati uleule ambapo mchezo wa kuuziana paka wa kidijitali, CryptoKitties, ulikuwa umeusonga mtandao mzima, na ada ya kuandika mchango mmoja ikawa kubwa kuliko mchango wenyewe. Mwenyekiti wao, mama mwenye sauti ya kuweza kuita mtumbwi ulio katikati ya ghuba, aliniuliza, "Nyathina, kwa nini nilipe ili niandikiwe kwamba nimelipa?" Sikuwa na jibu. Walirudi kwenye daftari lao la kurasa 96, na kikundi chao kingali hai, ilhali programu yetu haipo.

Kilichobaki ni hazina. Kila mwezi kila mmoja wetu alitoa shilingi 500, fundi wa simu akanunua bitcoin kwa muuzaji tuliyemfahamu akimlipa kwa M-Pesa, kisha akaipeleka kwenye pochi ya pamoja ya programu iitwayo Electrum, yenye funguo tano za siri, mmoja kwa kila mtu, ambayo haiwezi kutoa chochote bila saini za funguo tatu. Tulichagua mpango huo kwa sababu karibu kila mmoja wetu aliwahi kuona chama cha mama yake kikitoroshewa fedha na mweka hazina. Tuliacha kuchanga mwishoni mwa 2019. Zilikuwa fedha za kununulia router na kulipia nauli. Leo ni chini kidogo ya robo ya bitcoin, kiasi ambacho, kutegemea bei ya siku, kinaweza kupita shilingi milioni mbili.

Sasa hesabu ni hii. Mwanafunzi mmoja alikwenda Qatar kikazi mwaka 2019, na tangu 2020 hajibu simu wala ujumbe. Mwalimu amefariki. Tumebaki fundi, mimi, na dada yetu ambaye sasa yuko Eldoret: watu watatu, saini tatu, bila hata moja ya akiba. Bodaboda ikimgonga mmoja wetu kesho, fedha hizo zitaonekana na ulimwengu mzima na hazitaguswa na mtu yeyote milele.

Fundi anasema tugawane tumalize. Dada anasema tuweke wenye funguo wapya, vijana, turudie kazi ya kufundisha. Mimi nayumba. Usiku wa matanga nilikaa karibu na turubai nikahesabu watu waliokuja kutoka lile kundi letu la Telegram, ambalo mwaka 2021 lilikuwa na watu zaidi ya mia nne waliokuwa wakiitana ndugu tangu asubuhi hadi usiku. Walikuja wanne. Ndipo nikajiuliza kama urafiki ule ulikuwa wetu au ulikuwa wa bei.

Mngekuwa mimi, mngefanyaje?

Binti wa Menengai, Nakuru:

Pole sana, kaka, kwa msiba. Nakujibu nikiwa mtu aliyewahi kuwa mweka hazina, na jibu langu ni kwamba muivunje.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu kumi na mmoja hapa Nakuru, wengi wao wa mtaa wa Section 58, nasi pia tulianza kwa kufundishana. Kufikia mwisho wa 2021, bitcoin ikiwa imegusa dola 69,000, hakuna aliyekuja kwenye mkutano akiwa na swali la programu. Kila mmoja alikuja na swali la bei. Mimi ndiye niliyependekeza tuiweke akiba yetu kwenye UST, ile sarafu ya Terra iliyosemekana kwamba daima ingekuwa sawa na dola moja, kwa sababu palikuwa na mahali pa kuiweka palipolipa karibu asilimia 20 kwa mwaka. Nilitayarisha jedwali. Nililipamba kwa rangi. Mzee mmoja wa kikundi, aliyewahi kuchomwa na mpango wa upatu, aliuliza riba hiyo inalipwa na nani, nami nikamjibu kwa maneno mengi ambayo leo nikiyakumbuka najificha uso.

Mei 2022 UST iliachana na dola, na LUNA, sarafu pacha iliyotakiwa kuitegemeza, ikaporomoka kutoka dola themanini hivi hadi chini ya senti moja kwa muda wa kama wiki moja. Akiba yetu ilikwenda nayo. Sikuweza kuandika habari hiyo kwenye kundi la WhatsApp. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa siku mbili, na katika nyumba ya tatu mama mwenye nyumba alinikaribisha chai kabla sijafungua mdomo, nikaimaliza chai yote ndipo nikasema. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama na mimi nilikuwa nimeweka yangu mle, nikamwambia zote, akasema basi.

Baada ya hapo nilijificha miezi minne. Nilibadilisha laini ya simu. Kwa hiyo ninakuomba usimhukumu huyo wa Qatar kabla hujasikia kauli yake, kwa sababu mtu akinyamaza miaka mitano watu humdhania mwizi, na mara nyingine ana aibu tu ambayo imeongezeka kila mwezi hadi ikawa kubwa kuliko kosa lenyewe. Mtafute kupitia mama yake, si kupitia mtandao.

Kuhusu waombolezaji wanne kati ya mia nne, mimi nisingelalamika. FTX, soko kubwa la sarafu za kidijitali, ilipofilisika Novemba mwaka huohuo, na mitandao ikijaa vilio, walionipigia simu kuuliza kama nimekula walikuwa wawili kati ya kumi. Hao wawili tunafuga kuku pamoja sasa. Hatujawahi kuzungumzia LUNA tangu hapo, na hilo nalo ni aina yake ya maelewano.

Ninachosema ni kwamba hazina yenu ilikuwa ndogo kuliko kazi yenu, na ndiyo maana mlielewana. Sasa imekuwa kubwa kuliko kazi. Mkiwaingiza vijana wapya, hao hawataingia katika urafiki wa chumba cha nyuma cha saiba. Wataingia katika milioni mbili.

Mlinzi wa Nodi, Kakamega:

Nimekuwa nikiendesha nodi ya bitcoin, yaani kompyuta inayotunza na kukagua daftari lake la wazi, nyumbani kwangu tangu 2018, kwa hivyo nitaacha mambo ya moyo kwa wengine nizungumzie jambo ambalo sijaona likitajwa, nalo ni la hatari kuliko bodaboda.

Ndugu Mwana wa Ziwa, unaandika kana kwamba saini tatu zinatosha. Hazitoshi. Katika pochi ya aina hiyo, ili kutumia fedha ni lazima muuonyeshe mtandao masharti kamili ya kufuli, na masharti hayo yana funguo za umma, yaani zile sehemu za ufunguo zisizo za siri, za watu wote watano, akiwemo marehemu na huyo wa Qatar. Anwani zenu, ambazo bila shaka zinaanza na tarakimu 3, ni muhtasari tu wa masharti hayo; muhtasari haurudishi yaliyomo. Kama kila mmoja wenu alihifadhi maneno yake 12 ya siri ya kurejeshea ufunguo tu, mkafuta faili za pochi, basi mnaweza kuwa na saini tatu halali mkononi na bado mkashindwa kufungua. Jambo la kwanza kabla ya kubishana kuhusu kugawana ni kutafuta kompyuta moja ambayo bado ina faili ya pochi, kwa sababu ndani yake mtakuta funguo kuu zote tano za umma, zile zinazoanza na herufi xpub. Hizo si siri ya kumwibia mtu, zinaonyesha tu salio na miamala. Zinakilini mara tatu.

Mkiipata kompyuta hiyo, msiiunganishe na intaneti. Mwishoni mwa 2018 palitokea wizi mkubwa uliowalenga watumiaji wa Electrum: seva za wahalifu zilikuwa zikituma ujumbe unaoonekana kama tangazo la programu yenyewe, ukimtaka mtu apakue toleo jipya, na aliyepakua aliporwa. Matoleo ya zamani yangali na udhaifu huo. Toeni funguo za umma, kisha mjenge pochi upya kwa toleo la sasa lililopakuliwa kutoka kwenye tovuti halisi na kukaguliwa saini yake. Na msijaribu kuingiza maneno yenu kwenye programu nyingine yoyote, kwa maana Electrum ina utaratibu wake wa maneno, na pochi nyingine nyingi zitayakataa, mkafa moyo mkidhani yamekosewa.

Jingine dogo. Mlichanga kila mwezi kwa karibu miaka mitatu, kwa hivyo fedha zenu si noti moja. Ni vipande thelathini na kitu, na kila kipande kinahitaji saini zake tatu. Ada hutozwa kwa ukubwa wa muamala, si kwa thamani yake. Ni kama kulipia ng'ombe kwa debe la sarafu za shilingi moja moja: anayehesabu anataka chake. Aprili 2024, siku malipo ya wachimbaji yalipopunguzwa kwa nusu hadi bitcoin 3.125, ada ziliruka kiasi ambacho kingewaumiza. Subirini siku tulivu, mara nyingi mwisho wa wiki.

Wala hamhitaji kukusanyika. Mmoja anaandaa muamala, anatia saini, anampelekea wa pili faili, naye wa tatu. Faili hiyo haina siri yoyote ndani yake. Akiiokota mtu njiani hawezi kuiba hata senti. Anzeni na kiasi kidogo sana cha majaribio.

Kama mkishatoa, jibu la swali lako ni lenu. Mimi ningeihamishia kwenye kufuli la saini mbili kati ya tatu siku hiyohiyo, halafu ndipo niketi kubishana.

Msomaji wa Bungoma:

Naomba kuuliza tu: je, ile kodi ya asilimia 3 kwa kuhamisha mali za kidijitali, iliyoanza Septemba 2023, haitawaangukia wakiuza?

Mlinzi wa Nodi, Kakamega:

Hiyo ilifutwa na Sheria ya Fedha ya 2025. Badala yake, tangu Julai 2025, kuna ushuru wa asilimia 10 juu ya ada anayotoza mtoa huduma, si juu ya thamani yote ya mali. Wakiuza kupitia kampuni wataiona kwenye makato.

Mstaafu wa Ushirika, Siaya:

Wanangu, nimefanya kazi na vyama vya ushirika kwa miaka mingi, na ingawa bitcoin nimefundishwa na mjukuu wangu, ugomvi wa hazina naujua tangu ninyi hamjazaliwa. Nimeshangaa kwamba nyote mmezungumza habari za ufunguo wa marehemu, na hakuna aliyemzungumzia mjane wake.

Mwalimu huyo alichanga shilingi 500 kila mwezi kama wenzake. Swali la kwanza, basi, ni hili: fedha zile zilikuwa za kikundi, au kila mtu alikuwa na fungu lake ndani ya chungu kimoja? Mlikuwa na katiba? Mliandikisha kikundi? Nadhani mlikuwa na mazungumzo ya simu tu, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi mna daftari ambalo ulimwengu mzima unaliona, lakini halisemi kipande kipi ni cha nani, na hilo ndilo ambalo mahakama itauliza.

Ikiwa lilikuwa fungu lake, sasa ni sehemu ya mirathi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamkataza mtu asiye na idhini kugusa au kugawa mali ya marehemu, na kukivunja ni kosa la jinai. Mkimpelekea mjane fungu hilo mkononi kwa nia njema, shemeji zake wanaweza kuwashtaki ninyi, na wanaweza kumsumbua yeye. Njia ni ndefu lakini imenyooka: aende kwa chifu apate barua, apeleke maombi mahakamani, yatangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, zipite siku 30 za wenye pingamizi. Kwa wakati huo ninyi mtakuwa mmelitenga fungu lake peke yake, na mmemwandikia karatasi, iliyotiwa saini nanyi watatu mbele ya wakili, ikisema lipo na ni kiasi gani.

Na hata mkiupata ufunguo wake, msiutumie. Najua mtandao hautajua tofauti. Ninyi mtajua.

Binti wa Menengai amesema muivunje, nami namheshimu kwa ukweli wake, lakini katika hili sikubaliani naye kabisa. Nimeona vyama vilivyovunjwa kwa haraka ili kuokoa urafiki, na mwaka mmoja baadaye watu wakisalimiana kwa kidevu. Kuvunja si tiba. Hesabuni kwanza, kila senti, mkiwa mmeketi meza moja na mjane yumo. Mtu akishaona hesabu yote kwa macho yake, mara nyingi haulizi tena kama tuvunje.

Mwana wa Ziwa, Kisumu:

Wanajukwaa, nimechelewa kurudi kwa sababu majibu yenu yalinipa kazi. Niruhusuni nieleze yaliyotokea, kisha nitawaacha mpumzike.

Nilianza na onyo la Kakamega, na nakiri kwamba damu iliniganda. Mimi nilikuwa na maneno yangu 12 tu. Kompyuta za saiba niliziuza mwaka 2021, zikiwa zimefutwa. Dada wa Eldoret vilevile alikuwa na maneno tu. Fundi alicheka tulipomuuliza. Chini ya meza yake ya kazi, nyuma ya katoni ya betri za simu zilizovimba, kulikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani ambayo mkewe amemwomba aitupe kila sikukuu ya Krismasi. Tuliiwasha bila mtandao. Ilichukua dakika kumi na moja kufunguka, nami nilihesabu kila moja. Faili ilikuwepo, na funguo zote tano za umma zilikuwepo ndani yake. Tumezinakili kwa mkono na kwa flashi, na tulipolinganisha anwani za mwanzo na zile nilizokuwa nimeziandika mwaka 2017, zilifanana herufi kwa herufi.

Wa Qatar nilimpata kupitia mama yake, anayeishi Vihiga. Alinipigia usiku. Kumbe simu iliyokuwa na pochi yake iliharibika mwaka 2020, na karatasi ya maneno aliiacha kwenye sanduku la chuma bwenini walikokaa, sanduku likapotea walipohamishwa kambi. Aliamini kwamba amefunga hazina yetu milele, kwa kuwa alikuwa amesahau hesabu ya tatu kati ya tano, akadhani ni saini zote. Miaka mitano mtu amebeba mzigo usiokuwepo. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika, kisha akauliza habari za mwalimu, nikalazimika kumpa na hiyo.

Jumapili fundi nami tulikwenda Bondo. Shemeji yetu, mjane wa mwalimu, alitupokea vizuri, nasi tukamfungulia hesabu yote mezani kama mzee wa Siaya alivyoshauri: michango, tarehe, vipande thelathini na vitatu. Alisikiliza, akainuka, akarudi na azimio la kazi la marehemu la Kidato cha Pili, muhula wa pili, 2018. Alikuwa amelitunza kwa sababu ya mwandiko tu. Katika ukurasa wa mwisho kulikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa penseli katika safu mbili, sita kwa sita, naye alikuwa amejiuliza kwa nini mwalimu wa hisabati amewaandalia wanafunzi orodha ya msamiati. Nilisoma neno la kwanza nikafunga kitabu. Fundi alinitazama, nami nikamtazama. Tulimrudishia, tukamwomba akiweke pamoja na cheti cha ndoa, wala asikionyeshe kwa mtu yeyote, hata sisi. Barua ya chifu amekwisha kuipata.

Kuhusu kuvunja au kuendeleza, bado hatujakubaliana. Shemeji aliuliza kama watu wa kufundishwa wanaweza kuwa walimu waliofanya kazi na marehemu, na fundi, aliyekuwa ameng'ang'ania tugawane, hakumjibu, jambo ambalo kwake si la kawaida. Kwa sasa tumekubaliana na Mlinzi wa Nodi: majaribio kwanza, kwa kipande kimoja kidogo, ule mchango wa Novemba 2019. Jana mimi na fundi tulitia saini zetu. Faili ingeweza kutumwa kwa barua pepe, nami nilisema hivyo mara mbili, lakini fundi alikataa katakata, akaiweka kwenye flashi, akaifunga ndani ya bahasha kwa utepe wa plastiki, tukaipeleka stendi. Karani wa vifurushi aliuliza ndani mna nini na thamani yake ni kiasi gani. Fundi alisema shilingi mia tatu, bei ya flashi. Gari la Eldoret liliondoka saa kumi na robo jioni, na dada amesema atakwenda kuichukua akitoka kazini.